Shairi la Simu na Shairi la Daftari

Nina rafiki yangu Kisauni, mtunzi kama mimi, ambaye yapata mwaka sasa hatuamkuani. Tulikosana kwa shairi, na shairi lenyewe nililitunga kwa dakika nne tu, nimesimama nikingojea feri ya kwenda Likoni kuzika.

Mwenzangu alikuwa ametia beti mbili katika kundi letu la WhatsApp. Mimi nikaona napigwa kijembe. Papo hapo nikajibu kwa beti tatu ambazo hata mafumbo hazikuwa nayo, ni matusi yaliyotiwa vina. Kabla feri haijatia nanga ng'ambo ya pili, zilikuwa zimeshasomwa na watu wasiopungua mia, na wengine wameshazipeleka kwenye makundi yao. Jioni nikaambiwa kwamba hakuwa akinisema mimi. Nikazifuta. Lakini kufuta huko kulikuwa kufuta changu mimi. Zilizokwisha nakiliwa zinatembea hadi leo.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka malumbano yalivyokuwa magazetini zamani. Mtu akikurushia dongo, ulikaa ukatunga, ukanunua stempu, ukatia barua posta, kisha ukangoja mhariri apate nafasi. Zilipita wiki mbili, tatu. Mara ngapi mimi mwenyewe nilichana jibu langu kabla ya kulitia kwenye bahasha, kwa kuwa hasira zilikuwa zimekwisha! Ucheleweshaji ule tuliulalamikia sana, kumbe ndio uliokuwa ukitustahi.

Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na gazeti wala posta. Alilumbana na watunzi wa Lamu wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, na mashairi yake yakapita midomoni mwa watu. Hebu tujiulize yametufikiaje sisi. Hayakutufikia kwa sababu yalienea. Yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya akayaandika kwa khati za Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akikaa Mombasa. Hati hizo zikahifadhiwa London, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa diwani, iliyopigwa chapa Johannesburg. Mapana yake Muyaka aliyapewa na midomo ya watu, na uhai wake akaupewa na karatasi.

Sisi leo tuna midomo mingi kuliko Muyaka, na karatasi hatuna. Tunaandika juu ya ukuta wa nyumba ya mtu mwingine, naye akibomoa hatuna la kumwambia. Mwezi wa Aprili 2019 Google+ ilifungwa, na yaliyoandikwa na watu humo yakafutwa. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kupoteza nyimbo zilizotiwa humo kabla ya mwaka 2016. Nami yangu yalinifika bila ya kubomolewa na mtu: simu ilinitumbukia baharini na beti za miaka mitatu. Nikawa nazunguka kuwaomba watu mashairi yangu mwenyewe. Nilirudishiwa kumi na moja, mawili yakiwa yamepachikwa jina la mtu mwingine.

Yuko maalim mmoja, ndugu yangu, ashikiliaye kwamba simu ni fitina tupu na dawa yake ni kuitupa. Sikubaliani naye. Habari ya msiba siku hizi huja kwa simu, na maiti hangojwi. Kadhalika ninao vijana, mmoja Faza na mmoja Maskati, ninaowafunza vina na mizani kwa simu hiyo hiyo. Nikiitupa, nani atawafunza?

Mimi narudi kwenye somo la chuoni. Tulifunzwa kwamba mtu akijirusha baharini kuogelea, akarowa tangu utosi hadi nyayo, hajatawadha, maadamu hakunuia. Ndivyo nilivyokuwa na simu: narowa kutwa, na udhu sina. Sasa, kabla ya kuifungua, najiuliza naifungulia nini. Nikikosa jibu, naiweka.

Makundi tisa nimeyatoka, matatu nimebaki nayo: la jamaa, la watunzi na la wanafunzi wangu. Nayatazama baada ya Alasiri na baada ya Isha, basi. Shairi huanzia daftarini baada ya Alfajiri, kwa khati za Kiarabu, maana mkono wangu kwa khati hizo ni mzito, na uzito huo nautaka. Hulala humo siku tatu. Likiwa lingali lanipendeza, natia tarehe, natia jina langu katika ubeti wa mwisho kama walivyofanya wazee, ndipo nalipeleka kundini. Wasifu wasisifu, asili yake iko kabatini. Kusema kweli, bado huchungulia kuona nani amesifu. Tabia ya mtunzi hiyo, haitoki kwa mara moja.

Katika daftari hilo mna shairi la kumtaka radhi yule mwenzangu wa Kisauni. Nimelifuta mara mbili nikalianza upya. Hili silipeleki kwa simu. Ijumaa, baada ya sala, nitavuka daraja la Nyali nalo mfukoni, nimpigie hodi.