Hesabu za klabu ya baiskeli, na mzee wa Nanyala hayumo

Najua wengi mko kwenye mitihani (au mnajifanya mko huko), lakini hili jambo limenikaa kooni tangu Desemba na leo nalitema. Naomba msome mpaka mwisho ndipo mnipigie simu za matusi.

Wenzangu wa klabu ya baiskeli hapa chuoni wametoa taarifa yao ya mwaka, mafanikio na changamoto za 2025. Mafanikio: kilomita tulizopiga, tripu ya Kimondo, wanachama wapya, fulana. Changamoto: michango kuchelewa, pancha, na fulana hizohizo kuchelewa. Basi, imeisha. Picha ni nzuri, Kiswahili kimenyooka, na mie ni mwanachama kwa hiyo jina langu limo. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta mtu mmoja na sijamwona. Humo ndani hakuna mwendesha baiskeli!

Mtaniambia "sasa sisi ni nani?" Haya, twendeni taratibu.

Ukitoka Mbeya kwenda Kimondo kule Ndolezi, lazima upite Nanyala. Wengine mnaijua Nanyala kama mahali pa kunywa maji. Mie ni kwetu. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, na katikati yake imepita barabara kuu ya kwenda Tunduma, ileile inayobeba mzigo wa Zambia na Kongo. Kaa hapo saa moja tu asubuhi uhesabu. Utamwona mzee na gunia la mahindi kwenye keria. Utamwona mama amefunga mkaa mpaka huoni kichwa chake. Utamwona mwanafunzi wa sekondari kampakia mdogo wake mbele, kwenye bomba. Msimu wa kahawa ndio usiseme, viroba vinapanda baiskeli kuliko watu. Hao wanapanda baiskeli kila siku ya Mungu, bila fulana na bila kupiga picha. Kwa mwaka mzima mmoja wao anakula kilomita kuliko klabu yetu yote, na hakuna anayemwandikia taarifa.

Na anaendesha wapi? Hapo ndipo pananiuma.

Mnakijua Kimondo, si ndiyo? Mmepiga nacho picha za kutosha. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani kama 16. Sasa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu semi ya ekseli saba kufika tani 56 pamoja na mzigo. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya Vimondo vitatu juu ya matairi, vinakuja nyuma ya mzee mwenye Phoenix ya kilo ishirini na kitu. Lami yenyewe ni ya kupishana magari mawili. Pembeni mabega ya barabara ni membamba, sehemu nyingine lami imemeguka na kuacha ngazi kama ya kibaraza. Malori mawili yakikutana hapo, mzee hana pa kwenda zaidi ya kwenye mtaro. Kwa hiyo anashuka. Anashuka mara kumi, mara ishirini, kila siku, na kila akishuka na gunia ni kamari.

Agosti 2025 mjomba wangu aliipoteza hiyo kamari. Alikuwa na viroba viwili vya kahawa, honi zikapigwa nyuma na mbele, akatoka kwenye lami kwa kasi, tairi la mbele likakunjika kama kapati. Mtulinga ukavunjika. Namshukuru Mungu yupo hai. Ila msimu wa kahawa ulimpita akiwa na mkono shingoni, na hela ya msimu ndiyo ada ya watoto wake wawili. Niliwaambia wanaklabu siku ileile. Nikajibiwa "pole sana kaka" na mikono ya dua, kisha mazungumzo yakarudi kwenye rangi ya fulana. Simtaji mtu na simdai mtu kitu, nawaonyesha tu kwamba ajali ile haikuingia hata kwenye changamoto. Pancha imeingia!

Najua jibu litakalokuja kwanza: "Sisi ni klabu ya michezo, mambo ya barabara ni ya serikali." Sawa. Basi tuongee michezo.

Kilele cha mwaka kwa kila mpenda baiskeli ukanda huu kilikuwa Kigali. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza tangu yaanze. Tulibanana kwenye simu moja, bando likakata, tukachangishana. Magdeleine Vallieres wa Kanada akachukua ya wanawake, Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ya wanaume. Vile vilima viliwapepeta mpaka waliomaliza mbio za wanaume wakawa 30 tu, wakati walioanza ni zaidi ya 160. Tukapiga kelele "Afrika oyeee" na mmoja wetu akasema siku moja ni zamu ya Mbeya. Nilifurahi, wallahi. Ila niliuliza swali na sikujibiwa: Rwanda walifikaje pale?

Hawakuanza na fulana. Walikuwa na mashindano yao, Tour du Rwanda, tangu 1988. Halafu akatokea mtengeneza baiskeli wa Kimarekani, Tom Ritchey. Alikuwa amewaona wakulima wa kahawa wakihangaika na mizigo kwenye vilima, wengine na baiskeli za mbao walizochonga wenyewe. Akabuni baiskeli ya nyuma ndefu, maalumu ya kubebea kahawa. Kahawa ikishachumwa mbivu haina subira, ikichelewa kufika kwenye mashine ya kuimenya inaanza kuchacha na bei inaporomoka, kwa hiyo baiskeli ya namna ile ilikuwa ni hela. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambayo hata hizo baiskeli za mbao zilishindana. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France (mwaka 1981), akaenda kuyasaidia, akabaki akijenga timu ya taifa. Kutoka timu hiyo akatoka Adrien Niyonshuti, aliyefika Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2009 Tour du Rwanda ilikuwa imeshaingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia.

Mmeona ule mzizi? Kahawa! Mzigo! Mkulima kwenye kilima! Sasa niambieni ni wilaya gani hapa kwetu ina vilima, kahawa na wakulima wenye baiskeli. Mbozi imekaa hapo mbele ya macho yetu, na sisi tunaipita kwa kasi tukiwahi kupiga picha na jiwe.

Kenya nako ni hivyohivyo. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017), alizaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu. Kinjah hakuwa na jumba la mazoezi. Alikuwa na nyumba ya kawaida, vijana wa mtaani, na spana. Kwake unajifunza kutengeneza baiskeli na kuikimbiza palepale. Klabu yetu ina wanachama wanaosomea uhandisi na hawawezi kunyoosha rimu, wanapeleka kwa fundi wa Nanyala halafu wanambishia bei. Jamani!

Jibu la pili huwa ni la helmeti. "Tuwahamasishe wavae helmeti na jaketi za kung'aa." Sikatai, helmeti inaokoa kichwa ukianguka, na riflekta ni kitu cha maana kwenye ukungu wa kwetu. Lakini helmeti haizuii tani 56. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilisema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwazunguka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "vaa helmeti" na ukaishia hapo, umemtupia yeye mzigo wa kujilinda na barabara umeiacha kama ilivyo.

La tatu, na hili ndilo linanichefua kuliko yote: "Baiskeli vijijini zinaisha, watu wamehamia bodaboda." Hivi mnajua hata neno bodaboda limetoka wapi? Limetoka kwenye baiskeli za mpakani Busia, zilizokuwa zinavusha watu kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli ndiyo mama yake. Na ni kweli bodaboda ni ya haraka, mwenye nauli apande. Mtoto wa sekondari anayetembea saa moja na nusu kwenda shule nauli ya kila siku anaitoa wapi? Vukeni mpaka hapo Tunduma mwingie Zambia. Huko walifanya utafiti, wasichana wa vijijini wakapewa baiskeli, matokeo yakatoka 2022: siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo, na muda wa njiani ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Baiskeli tu, chuma na minyororo! Ila msichana wa Nanyala hata ukimpa hiyo baiskeli leo, unampeleka akashindane na semi. Mzazi mwenye akili atamwambia atembee. Na hatakuwa amekosea.

Nisionekane nalalamika tu, mwaka ulikuwa na neema zake. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kuifufua TAZARA na kampuni ya Kichina, dola bilioni 1.4. Reli hii iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 imepita Mbozi yetu mpaka Tunduma na kuvuka. Kila behewa litakalobeba shaba ni lori moja au mawili yanayotoka mgongoni kwa mjomba. Hilo kwangu ni fanikio kubwa la mwendesha baiskeli wa Songwe, kubwa kuliko tripu zetu zote, na katika taarifa ya klabu halimo hata kwa bahati mbaya. Wala sisubiri reli imalize kila kitu, kwa sababu malori hayatakwisha kesho.

Kwa hiyo nasema hivi, na anayekasirika akasirike. Klabu ya baiskeli inayopita Nanyala bila kumwona mwenye baiskeli ni kikundi cha matembezi chenye gia ishirini na moja. Sisi tukishashuka kwenye lami tunarudi bwenini, tunaoga, tunaweka picha. Yule anaamka kesho kwenye lami ileile. Kama jina la baiskeli ndilo linalotupa heshima, mdhamini na fulana, basi yeye ana haki juu yetu.

Na kazi ipo, haihitaji mdhamini. Tuna wanafunzi wa ujenzi wa barabara humu ndani. Wachukue tepu wapime mabega ya lami, kuanzia mwanzo wa makazi mpaka mwisho, waandike kila mahali palipomeguka. Wengine tukae pembeni tuhesabu baiskeli kuanzia alfajiri mpaka jioni: ngapi zimebeba mzigo, ngapi zimebeba watoto, ngapi zimelazimika kushuka. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi si siri, kwa hiyo tuhesabu na magari yanayoukanyaga. Tukishapata namba tunaziandika kurasa mbili tu, tunampelekea mtendaji wa kata na diwani ziingie kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala ziende kwa wenye barabara. Barua ya mjomba peke yake itafunikiwa chini ya mafaili. Barua yenye vipimo vya wahandisi watarajiwa na hesabu ya siku nzima ni ngumu kuikalia.

Hela ya fulana za 2026 je? Napendekeza inunue riflekta, breki na spoku, tuziache kwa fundi wa pale Nanyala awafungie wanafunzi wa sekondari. Fulana za 2025 bado hazijapauka.

Nimeshasema. Wanaotaka kubishana wanijie kantini, chai nanunua mimi, maandazi kila mtu na lake. Wanaotaka kufanya kazi, Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, saa 12 asubuhi, Nanyala. Njooni na tepu, daftari na kalamu mbili, maana ya kwanza itaisha wino kabla ya saa nne.

Nawasilisha.