Usiuze Mbuzi kwa Ajili ya Raketi



Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja alinifuata ofisini parokiani. "Karani," akasema, "mwanangu ameanza kujifunza mpira wa meza shuleni. Anataka raketi ya bei kubwa aliyoiona mjini. Nimekusudia kuuza mbuzi. Wasemaje?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, mbuzi mwache kwanza zizini. Keti nikusimulie aibu yangu."

Miaka michache iliyopita wazazi wa parokia yetu walichanga mahindi na maharage, tukauza, ili vijana wapate mchezo wa jioni ukumbini. Fedha nikakabidhiwa mimi. Kufika dukani nikajisemea kwamba kizuri ni cha bei. Badala ya kununua raketi sita za kawaida, nikarudi na mbili za wachezaji hodari. Vijana walipozijaribu, kila wakigusa mpira unaruka nje ya meza. Tena wawili wanacheza, ishirini wanatazama. Haukupita mwezi, ukumbi ukabaki mtupu. Siku ya kikao cha hesabu nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Kosa langu lilikuwa kutojua raketi inavyofanya kazi. Ndani ni ubao. Sheria ya mchezo yadai angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mti wa asili. Juu ya ubao hubandikwa sponji, na juu ya sponji raba. Sponji ndiyo itiayo mbio. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia huko Bombay, India, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi ya sponji nene, akatwaa ubingwa wa wanaume. Wenzake walihangaika, maana mpira uliondoka kwa kasi na mlio wake haukusikika vizuri. Mwaka 1959 wakuu wa mchezo wakaweka mpaka: sponji na raba pamoja zisizidi milimita 4.

Basi, sponji nene kwa anayejifunza ni kama baiskeli isiyo na breki mlimani. Yeye yamfaa sponji ya milimita 1.5 hivi. Ya milimita 2 na zaidi ni ya mkono uliokwisha kukomaa.

Ukifika dukani, fanya hivi. Kwanza, mtoto mwenyewe awepo, kwa kuwa mkono wa baba si mkono wa mwana. Aushike mpini kama anayesalimiana na mtu. Ukizunguka kiganjani, au vidole visipoukamata sawasawa, haumfai. Pili, aipunge hewani kwa dakika kadhaa. Kifundo cha mkono kikichoka, ni nzito mno kwake. Tatu, tazama kingo: raba iwe imebandika pande zote, wala isiwe na mapovu. Nne, kama atashiriki mashindano, upande mmoja uwe mweusi, na wa pili uwe wa rangi inayong'aa, kwa mfano nyekundu. Ubao mtupu wa plaiwudi wafaa kujizoezea nyumbani, lakini mashindanoni upande wa kupigia sharti uvikwe raba.

Nanyi mkishainunua, itunzeni. Raketi zetu ziliachwa dirishani juani, raba ikakauka na kupasuka. Baada ya mchezo ifuteni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kivulini, kisha iwekwe mfukoni mwake. Na mtoto akishindwa asiipigize mezani kwa hasira, maana meza haikumkosea.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa ninunue ipi?"

"Nunua mbili za kawaida," nikamwambia. "Mchezo huu wahitaji watu wawili. Mwanao akiwa na raketi moja ya fahari, atacheza na nani hapo nyumbani? Mpe na dada yake ya pili, wafundishane. Siku atakapoishinda raketi yake, mwalimu wake atawaambia."

Akacheka, akaenda zake. Mbuzi yungali zizini, na jioni ukipita kwake wasikia mpira ukigonga juu ya meza aliyoiunga mwenyewe kwa mbao.

Kwaherini, wapenzi, hadi juma lijalo.