Maji ya Udhu Yasiishie Njiani



Ndugu zetu katika imani, kila mwaka kuanzia Desemba mpaka Machi sisi watu wa Arua na Koboko tunalia shida ya maji. Arua mjini bomba zimetegemea mto Enyau kwa miaka mingi, na kiangazi mto nao unapungua. Koboko foleni ya jerikani kwenye visima vya pampu huanza alfajiri. Watoto wetu, hasa wa kike, wanafika madrasa wamechelewa na wamechoka. Sisi walimu tuliwahi kuwakemea, Allah atusamehe, kabla ya kuwauliza walikotoka.

Sasa tazameni nyuma ya msikiti wetu. Maji waliyoyabeba kichwani watoto hao hao yanatumika dakika mbili, kisha yanateremka hadi njiani. Pale pana dimbwi kiangazi na mvua, na mbu wa malaria huzaliana katika madimbwi kama hayo. Jirani yetu asiye Mwislamu amelalamika zaidi ya mara moja kwamba usafi wetu unaishia mlangoni kwake. Ana haki. Haki ya jirani tunaisomesha kila wiki!

Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani chini ya lita moja. Sisi tujihesabie lita 3 tu kila mtu. Siku ya Ijumaa watu 100 wanamwaga lita 300, sawa na jerikani 15.

Tuliposema maji haya yapelekwe kwenye migomba, baadhi ya wazee walitia shaka: je, ndizi hizo zitalika? Kwa heshima yao tunajibu. Kwa Shafi maji yaliyokwisha kutumika katika udhu hayafai kutawadhia tena, na kwa Maliki ni makruhu, lakini kwa wote wawili ni tohara maadamu hayakuingiwa na najisi. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilikwenda mbali zaidi: hata maji machafu ya mji, yakisafishwa kabisa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi vikaondoka, yanafaa kujitoharishia. Huko ni kwenye mitambo mikubwa. Sisi tunauliza habari za mgomba tu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Chimbeni shimo la duara lenye upana wa mita 2 hivi na kina kisichozidi mita 1, mbali na kisima. Chini tieni mawe, juu yake matawi na majani makavu, kisha pandeni migomba na mipapai ukingoni. Mfereji wa udhu uingie humo, maji yazame chini ya majani, yasionekane juu. Yakituama juu, shimo limejaa au ni dogo. Ongezeni la pili.

Nyumbani vivyo hivyo kwa maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Haya yana mafuta na mabaki, basi yapite kwanza kwenye ndoo iliyotobolewa chini, yenye kokoto na mchanga, na mchanga ubadilishwe ukianza kunuka. Msiyaweke kwenye pipa zaidi ya siku moja. Msiyamwagie mboga za kuliwa mbichi. Na maji ya chooni, pamoja na ya kuoshea nepi za watoto, yasichanganywe humu hata kidogo. Hayo ni najisi na yana maradhi.

Wengine wanasema kamati ingoje mfadhili. Mfadhili wa shimo? Vijana wetu wanachimba vyoo vya mita nyingi bila kumngoja mtu.

Jumamosi hii baada ya Alasiri tutaanza nyuma ya msikiti. Majembe tunayo mawili, mwenye la ziada alete. Miche ya migomba imeahidiwa na yule yule jirani.