RISALA YA WAKULIMA WA BUSTANI YA PAMOJA KWA MHESHIMIWA DIWANI NA UONGOZI WA KATA

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi;
Ndugu Mtendaji wa Kata;
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa pamoja na wajumbe wako;
Ndugu Afisa Ugani;
Wazee wetu, mama zetu na wakulima wenzetu:

Tunakushukuru, Mheshimiwa Diwani, kwa kuitikia wito wetu na kukubali kupita tuta kwa tuta kabla ya kuketi.

Sisi ni wakulima wa mbogamboga katika eneo la wazi la mtaa huu, jijini Dar es Salaam, kando ya kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Tunalima mchicha, matembele, chainizi, figiri, mnafu, bamia, nyanya na nyanya chungu. Wengi wetu ni akina mama, na ada za watoto wetu zinatoka kwenye matuta haya. Mchicha ukisiwa leo, baada ya wiki tatu au nne uko tayari; mchuuzi anafika alfajiri, ananunua tuta zima, na jioni mboga iko jikoni kwa watu. Eneo lenyewe lilikuwa kichaka na jalala. Tulilisafisha kwa mikono yetu, kwa ruhusa ya serikali ya mtaa.

Mheshimiwa, leo hatuombi ardhi mpya wala fedha. Tunaomba kanuni. Tangu mwanzo tumeongozwa na makubaliano ya mdomo, nayo yalitosha tulipokuwa wachache tunaojuana. Sasa tumeongezeka, na kila mmoja anayakumbuka makubaliano yale kwa namna inayomfaa. Tumevumiliana, tumesuluhishana chini ya mwembe na kusameheana mara nyingi, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kusema neno la mwisho. Kwa heshima kubwa tunaomba kuyaleta mbele yako malalamiko yetu, moja baada ya jingine, na kila moja na ombi lake.

1. Ugawaji wa vipande. Wapo waliopewa vipande wakaviacha vikawa pori. Magugu yanakomaa, mbegu zake zinapeperukia kwa jirani, na panya wamepata maficho. Wapo pia walioandikisha vipande kwa majina ya ndugu zao, kisha wakavikodisha. Wakati huohuo wajane na vijana wa mtaa huu wanaambiwa nafasi zimejaa. Hata Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu mmoja. Sisi tunaogawana matuta tunahitaji ukomo zaidi.
Ombi letu: kila kaya iwe na kipande kimoja, na majina yaandikwe katika daftari la wazi ofisini kwa Mwenyekiti. Asiyelima kwa siku 30 bila taarifa aandikiwe onyo, na akikaidi, kipande apewe anayefuata kwenye orodha. Mgonjwa, mzazi na mfiwa wasinyang'anywe. Wenzao wawashikie mpaka warudi.

2. Maji. Tuna kisima kimoja. Masika yakiisha, kuanzia Juni maji hupungua, na hapo ndipo ugomvi huanza. Wenye pampu huja usiku, wakalaza mipira kwenye matuta yao na kuyaacha maji yatiririke hadi usingizi uwachukue. Alfajiri mama mwenye keni mbili anateremsha ndoo, anaivuta, inapanda na tope. Anasubiri maji yajikusanye huku jua likichomoza, na mchicha mchanga ukikosa maji siku moja ya jua kali umeinama. Tena kisima hakina mfuniko, na watoto wanacheza karibu.
Ombi letu: iwekwe ratiba ya zamu na ibandikwe kisimani, saa za alfajiri na jioni ziachiwe wenye keni na ndoo, pampu zipigwe marufuku usiku na zipewe muda maalumu mchana. Kisima kijengewe ukuta na mfuniko. Aidha, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kukuta madini mazito, yakiwemo ya risasi, katika maji na mboga za Bonde la Msimbazi, tunaiomba Halmashauri ipime maji yetu na kututangazia majibu. Tunataka kuuza mboga ambayo na sisi tunawalisha wanetu.

3. Dawa za wadudu. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014, wanaolima nyanya wanapulizia dawa mara kwa mara. Hatuwalaumu kwa kuokoa mazao yao. Tunalalamikia namna wanavyopulizia: saa saba mchana, upepo wa kusi ukivuma, bomba mgongoni, na mvuke wa dawa ukitua kwenye mchicha wa jirani ambao mchuuzi amekwisha kuulipia na ataukata jioni. Mwenye mchicha hajui ni dawa gani, wala zisubiriwe siku ngapi. Mlaji naye hajui kabisa.
Ombi letu: anayetaka kupulizia atoe taarifa kwa majirani siku moja kabla, apulizie asubuhi mapema wakati hakuna upepo, na aweke kibendera chekundu mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ziishe. Tunamwomba Afisa Ugani atufundishe kusoma vibandiko hivyo na kutumia njia zisizo na sumu pale zinapofaa.

4. Kuchuma kwenye tuta la mwenzio. Anayejua matembele huchuma ncha changa akaliacha shina lichipue tena. Anayeiba hana subira hiyo. Huvuta shina likatoka na mizizi, na mwenye tuta akifika anakuta udongo umefumuka na nyayo zimekanyaga miche iliyobaki. Wanaokamatwa husema walichukua fungu moja la mboga ya watoto. Mheshimiwa, hakuna kati yetu anayemnyima jirani mboga akiomba. Kinachotuumiza ni kuchukuliwa bila kuombwa.
Ombi letu: iwe kanuni kwamba hakuna anayechuma kwenye tuta lisilo lake bila mwenyewe kuwepo au kutoa ruhusa, hata kama mboga imekomaa na inaelekea kuharibika. Wachuuzi wapite mlango mmoja na wakabidhiwe matuta na wenyewe. Atakayebainika arudishe thamani ya mazao, na akirudia apelekwe mbele ya baraza.

5. Mipaka, kivuli na mifugo. Kuna waliopanda migomba na mahindi mpakani, na kivuli chake kinaangukia matuta ya wengine tangu asubuhi. Kuna wanaosogeza tuta kidogo kila msimu, mpaka njia ya toroli imebaki ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Kuna pia mbuzi na kuku wasio na mchungaji, na tukiwafukuza tunatukanwa.
Ombi letu: mazao marefu yapandwe pembezoni mwa bustani tu. Njia kuu zipimwe, ziwekewe mambo na zisilimwe. Mwenye mfugo utakaoingia alipe hasara itakayokadiriwa na kamati tunayoiomba katika hoja ya 9, mbele ya pande zote mbili.

6. Taka na mboji. Tulichimba shimo la mboji ili sote tupate mbolea. Leo shimo hilo lina nepi, vioo na makopo ya dawa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mabaki yake bado tunayafukua kwa jembe, na watu wa nje wanaendelea kutupa taka kwetu kana kwamba jalala halijaondoka.
Ombi letu: gari la taka lipewe kituo karibu na mlango wa bustani. Shimoni yaingie majani, maganda na samadi tu. Makopo ya dawa yakusanywe peke yake, mbali na kisima. Kila mwenye kipande ashiriki usafi wa pamoja Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na asiyeweza amtume mtu.

7. Michango na vifaa. Tumechanga fedha za uzio, za toroli na za reki. Uzio umeishia nusu, toroli iko nyumbani kwa mtu, na tukiuliza tunaambiwa hesabu zipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatumtuhumu mtu, tunasema tu kwamba hatujawahi kusomewa mapato na matumizi.
Ombi letu: kila mchango utolewe stakabadhi, na hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Vifaa vya pamoja vitunzwe sehemu moja, viandikwe vinapotoka, na virudishwe siku hiyohiyo vikiwa safi.

8. Ukingo wa kijito. Tunafahamu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Baadhi ya wenzetu wamelima hadi majini, ukingo unamomonyoka, na mvua kubwa zikija tunapoteza udongo sote. Tunaogopa kwamba kwa kosa la wachache bustani nzima itaondolewa.
Ombi letu: wapimaji waje waweke alama zinazoonekana. Watakaotakiwa kupisha wapewe nafasi katika vipande vilivyotelekezwa, na ukingo upandwe majani na miti ya kushika udongo. Kazi ya kupanda tutaifanya wenyewe.

9. Usuluhishi. Malalamiko haya yote yamefika mpaka hapa kwa sababu hayana pa kuishia. Mkulima akilalamika anaambiwa aongee na mwenzake; mwenzake akikataa, mambo yanabaki hivyo. Mwenye sauti kubwa anashinda na mnyonge anahama.
Ombi letu: iundwe kamati ya bustani itakayochaguliwa kwa kura, nusu yake wakiwa wanawake, na ikae madarakani miaka miwili. Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zijadiliwe katika mkutano wa wakazi wa mtaa, zigongwe muhuri na zibandikwe mlangoni. Zimbane kila mtu sawasawa, awe mwanakamati, kiongozi au mkulima wa kawaida.

Mheshimiwa Diwani, kwa upande wetu tunaahidi kuzitii kanuni hizo hata siku zitakapotuuma. Tunaahidi kutoa kipande kimoja kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya msingi wajifunze kilimo, na kumpokea Afisa Ugani kila atakapokuja.

Tunaomba sasa mambo matatu yafanyike kwanza, kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba: mkutano wa kupitisha kanuni uitishwe, kisima kifunikwe na maji yapimwe, na mipaka iwekewe alama. Mengine tutayasubiri kwa subira ileile tuliyokuwa nayo. Uwezo wa kuyatekeleza haya unao, Mheshimiwa, na imani yetu kwako na kwa uongozi wa kata haijapungua.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wakulima wa bustani ya pamoja.