Mikongo Mingapi, au Inapita Wapi?
Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya intaneti iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kaskazini nako, kwenye Bahari ya Shamu, SEACOM ilikuwa imekatika tangu Februari. Kwa hiyo idadi ya mikongo haitutoshi. Lazima tuulize inapita wapi, na upande mmoja ukifa data itazungukia wapi. Paul Baran wa Marekani alilionyesha hilo mwaka 1964: viungo vikiwa mara tatu au nne ya idadi ya vituo, mtandao hustahimili mapigo makubwa. Urefu wa njia nao ni muhimu: Nairobi ilifungua kituo cha KIXP mwaka 2000, ili kampuni za intaneti zibadilishane data hapohapo nchini. Kabla yake, barua pepe ya kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ingeweza kwenda ng'ambo kwa setilaiti ndipo irudi. Vivyo hivyo, hospitali inayohifadhi mafaili yote kwenye seva za Ulaya inamning'iniza mgonjwa wa Dodoma kwenye mikongo hiyohiyo ya baharini. Wanaotia saini mikataba ya mikongo na seva kwa niaba yetu wadai kwanza ramani ya njia, kabla ya kuuliza bei.