Damu Hutoboa Siri ya Moyo

Dalili ya mvua ni mawingu. Moyo uliochoka nao hutanguliza dalili zake: miguu huvimba, pumzi hukatika mtu anapopanda ngazi, na usiku hawezi kulala bila kuegemea mito miwili au mitatu. Daktari akisema kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi, jamaa wengi hudhani umekaribia kusimama. La hasha. Maana yake ni kwamba umedhoofika na hausukumi damu ya kutosha mwili.

Swali linalofuata huwa moja: je, mgonjwa wetu ataishi? Siku hizi damu yenyewe inaweza kumsaidia daktari kulijibu.

Mwaka wa 1988 wanasayansi wa Japani waligundua homoni fulani katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina linalotaja ubongo, kwa kifupi BNP. Baadaye ilibainika kwamba kiwanda chake kikubwa hasa ni moyo. Kuta za moyo zinapotanuka kwa kulemewa na damu, hutoa homoni hii ili figo ziondoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Ni kama kilio cha moyo ukiomba kupunguziwa mzigo. Mzigo ukizidi, kilio nacho huzidi.

Mtu akifika hospitalini akihema, na kiwango chake kiwe chini ya pikogramu 100 kwa kila mililita ya damu, yaelekea tatizo liko kwingine, labda kwenye mapafu. Kikiwa juu sana, hatari ya kufa au kulazwa tena huwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, nambari moja si hukumu. Uzee na ugonjwa wa figo huipandisha, na unene huishusha. La maana zaidi ni mwendo wake. Kipimo kingine cha aina hiyo, NT-proBNP, kikishuka kwa zaidi ya asilimia 30 tangu mgonjwa alazwe hadi aruhusiwe kwenda nyumbani, matumaini huongezeka. Kikikataa kushuka, hilo ni onyo, hata kama uvimbe umekwisha.

Hatari yenyewe haibaki wodini. Uchunguzi wa THESUS-HF, uliotolewa mwaka wa 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu. Katika miezi sita, karibu 18 kati ya kila 100 walifariki. Hao ni watu ambao bado wana karo ya kulipa.

Lakini mkondo huo unaweza kugeuzwa. Uchunguzi mwingine, STRONG-HF wa mwaka wa 2022, ulihusu wagonjwa 1,078 katika nchi 14, zikiwemo Msumbiji na Nigeria. Walioitwa kliniki mara kwa mara na kuongezewa dawa upesi, huku damu yao ikipimwa, walipata nafuu: katika siku 180, asilimia 15 walifariki au kulazwa tena kwa sababu ya moyo. Miongoni mwa wengine ilikuwa asilimia 23.

Kipimo hiki hakipatikani katika kila hospitali, lakini familia ina kazi yake. Kabla ya kuondoka wodini, uliza tarehe ya kliniki na kama damu itapimwa tena. Mgonjwa asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Punguzeni chumvi. Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Ukiongezeka kwa zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, maji yanarudi mwilini, na safari ya hospitali isingoje mwisho wa mwezi.

Nawe uliye mzima, kapimwe shinikizo la damu. Usiba ufa usije ukajenga ukuta.