Lotoko ndani ya juisi si karamu

BAFWASENDE – Ninyi wenyeji wa hapa na ninyi mliofika kwa kukimbia vita, leo sileti habari ya barabara wala bei ya mihogo sokoni. Leo naleta ugomvi, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Mwezi huu wa tatu kuna ujumbe unaopita kwenye simu za vijana wetu. Unasema kwamba tarehe 17 ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mlinzi wa nchi ya Irlandi, kwamba siku hiyo watu huvaa kijani, na kwamba kila mtu anaweza kutengeneza nyumbani, kwa dakika tano, vinywaji vya kusherehekea: whiskey na ndimu, whiskey na tangawizi, kahawa ya moto yenye whiskey na krimu juu yake. Kijana mmoja akaandika chini: “Whiskey hatuna, lakini lotoko ipo.” Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Siku ya Bonane, katika karamu moja hapa kwetu, niliona kwa macho yangu ndoo ya juisi ya nanasi iliyomwagiwa lotoko. Ilikuwa mezani, kopo likielea ndani, bila mtu wa kuilinda. Watoto walikuwa wakichota. Mtoto wa miaka kama kumi alikunywa makopo mawili kwa sababu ilikuwa tamu, akaanguka nyuma ya nyumba akitapika. Mungu alimsaidia, alipona. Aliyeitengeneza alijitetea: “Nilitia kidogo tu.”

Hilo neno “kidogo tu” ndilo ninalopigana nalo. Kidogo cha nini? Chupa ya whiskey imeandikwa nguvu yake, mara nyingi asilimia 40. Anayeandika kwamba utie vijiko vitatu anajua vijiko vitatu vina pombe kiasi gani. Bido ya lotoko haikuandikwa kitu. Inayotoka kwanza kwenye bomba ni kali kuliko inayotoka mwisho. Ya mama huyu si sawa na ya mama yule, na ya leo si sawa na ya juma lililopita. Nyingine hupita asilimia 50. Basi anayetia “kidogo” katika ndoo hajui alichotia, na anayekunywa anajua hata kidogo zaidi.

Tena, lotoko peke yake ina ukali unaochoma koo, na huko kuchoma ni onyo. Mtoto akionja hutema. Mtu mzima hunywa polepole. Ukitia sukari na nanasi umeondoa onyo, lakini nguvu imebaki yote. Ndiyo maana nasema kuchanganya ni kubaya kuliko kunywa lotoko yenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Tunaijua kazi ile: mahindi na mihogo vinachachishwa siku kadhaa, vinapikwa katika pipa la zamani, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, matone yanakusanywa. Pipa lile pengine lilibeba mafuta ya gari. Na katika pombe ya namna hiyo inaweza kuwamo methanoli, sumu inayofanana na pombe kwa sura na kwa harufu. Wengine husema: “Washa kiberiti, ikiwaka ni nzuri.” Wanajidanganya. Methanoli nayo huwaka. Moto hauwezi kukuambia ni ipi.

Jirani zetu wamelipa kwa roho za watu. Mwaka 2010, huko Kabale, Uganda, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mwaka 2014 Kenya ilizika makumi ya watu kwa sababu hiyo hiyo, na wengine walibaki vipofu. Mara nyingi katika mikasa ya namna hiyo mwenye kosa si mama wa chungu. Ni mfanyabiashara aliyetia kemikali ya kiwandani ili pombe iwe kali kwa bei ndogo. Lakini mnywaji hakujua, kama vile wewe hujui bido yako imepita mikononi mwa nani.

Sasa nawageukia wale wanaoniambia: “Umesema kweli, basi wakimbizi wafukuzwe, wao ndio walioleta lotoko.” Huo ni uongo, na kila mzee wa hapa anajua. Lotoko ilikuwa hapa kabla ya familia hizi kufika kutoka Mambasa na Beni zikiwakimbia waasi wa ADF. Tulikunywa sisi, walipika mama zetu, na wengi wetu tulilipiwa shule kwa pesa hiyo.

Mama aliyefika na watoto watano na kitambaa kimoja hana shamba. Akipata mahindi na mihogo kwa deni, afanye nini? Lotoko haiozi. Inauzwa kwa glasi, franka zinaingia siku hiyo hiyo. Akikamatwa, anapoteza bido, analipa ili aachiliwe, na kesho anaanza tena akiwa na deni kubwa zaidi. Kumvunjia chungu hakukupunguza hata glasi moja katika mji huu. Kumeongeza tu bei.

Hata hao Wairlandi tunaotaka kuwaiga wana lotoko yao. Wanaiita poitín. Ilipigwa marufuku mwaka 1661, na watu wakaipika mafichoni zaidi ya miaka 300, hadi iliporuhusiwa mwaka 1997 kwa wenye leseni, katika chupa yenye kuandikwa nguvu yake. Na sikukuu yao huangukia ndani ya Kwaresima. Kwa miaka mingi baada ya 1927 sheria yao ilifunga baa siku hiyo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba bila pombe kali Mtakatifu Patrick hakusherehekewa.

Kama ni tangawizi na rangi ya kijani wanazotaka, vyote tunavyo. Chukua tangawizi mbichi ya ngumi mbili, uitwange. Menya nanasi moja lililoiva, osha maganda vizuri, uyachemshe pamoja na tangawizi katika lita tano za maji kwa nusu saa. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa safi, kamulia ndimu nne na lile nanasi lenyewe, tia sukari upendavyo. Hiyo ni tangawisi inayochoma koo bila kumwangusha mtu. Kwa rangi ya kijani, osha na utwange majani mabichi ya mchaichai, yale tunayoita sitroneli, uyamwagie maji ya moto, uchuje, utie ndimu na sukari. Maji ni lazima yachemke. Kipindupindu kimeshaua watu katika Tshopo, na ndoo ya juisi ni njia yake fupi.

Najua jibu la akina mama, maana nimeshawauliza: “Ndugu, juisi inaharibika kesho yake. Lotoko inaningoja mwezi mzima. Nisipouza, nani atanirudishia sukari yangu?” Wana haki. Hatuna umeme wa kulisha friji, na mahubiri hayalipi deni. Kwa hiyo sisemi nao kwanza. Nasema na wenye karamu.

Ninyi mnaoandaa harusi, tarehe 30 mwezi wa sita, sikukuu ya parokia, kufunga shule: agizeni juisi kwa mama hawa siku tatu kabla, na mlipe nusu ya bei mkononi. Kwa nusu hiyo atanunua sukari na nanasi bila deni, na hatapata hasara maana ndoo zote zina mwenyewe. Pesa ile ile mliyotaka kununulia bido mbili za lotoko inatosha kuanza. Mama akiona kwamba kila mwezi kuna karamu mbili au tatu zinazomtegemea, atapunguza pipa mwenyewe, bila polisi. Hataliacha lote mara moja, na mimi simdai hilo.

Mtu mzima anayetaka pombe, anywe bia ya chupa iliyofungwa, au masanga ya mchikichi yaliyogemwa asubuhi, katika glasi yake mwenyewe, akijua anachokunywa. Ndoo ya juisi iwe juisi.

Na kama mtu amekunywa, kisha baadaye, hata kesho yake, analalamika tumbo, anapumua kwa haraka au anaona kama yuko ndani ya ukungu, msiseme “mwache alale itaisha”. Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimzibe, na mpelekeni hospitali usiku huo huo. Mwambieni daktari ukweli alichokunywa. Aibu isimuue mtu.

Yule kijana aliyeandika “lotoko ipo” ni rafiki yangu na atasoma maneno haya. Ndugu yangu, karamu yako ya tarehe 17 tutakuja. Mama anayeuza tangawisi karibu na soko unamjua. Mwagize leo.